Kukesha Si Kusoma

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliuelewa msemo huu visivyo kwa muda mrefu. Niliinama, tena sana, hata shingo ikaniuma, lakini cha mvunguni sikukipata. Msomaji mpendwa, nifuate pole pole nikusimulie jinsi nilivyokuja kujua kwamba kuna kuinama kwa kutafuta na kuna kuinama kwa kusinzia.

Sisi kwetu ni Malaba, hatua chache kutoka barabara kuu ya kwenda Uganda. Anayeijua Malaba anajua kwamba usiku wake si usiku. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na hata Kongo hupanga foleni, injini zikinguruma, utingo wakiitana na wachuuzi wa mayai wakipita kati yao. Baba yetu mwenyewe ni utingo; wiki hii yuko Mombasa, wiki ijayo yuko Kampala, na nyumbani hulala siku za kuhesabu kwa vidole. Mama ana kibanda cha chai na chapati. Hukifungua saa kumi alfajiri, kwa kuwa madereva hawangoji jua lichomoze ndipo waone njaa.

Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja analala Mama, upande wa pili nalala mimi na vitabu vyangu. Na vitabu nilikuwa navyo! Wenzangu wa Kidato cha Tatu ni mashahidi. Nilikuwa nikija shuleni na mkoba mzito kama gunia la mahindi. Walinipa jina la "Profesa", nami nikalipenda. Nilibukua hadi saa nane za usiku, nikaamka saa kumi na moja, nikaja shuleni macho mekundu kama pilipili. Kisha matokeo ya Biolojia yakatoka muhula wa kwanza: alama thelathini na moja kwa mia. Mwalimu alinirudishia karatasi bila kusema neno. Ukimya ule uliniuma kuliko kiboko. Baada ya hapo, jina la Profesa likageuka dhihaka.

Lakini kisa hiki hakianzi na mimi. Kinaanza na dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, Malaba iligeuka mahali pa hofu. Madereva wa malori walitakiwa kupimwa kabla ya kuvuka, na foleni ikarefuka kilomita nyingi sana kuelekea Bungoma. Watu waliwaogopa madereva kama wanavyoogopa nyoka, na kibanda cha Mama kikafungwa. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Tulikuwa tukisimama mbali, mimi na Dada, tukiwatazama wahudumu wa afya waliovaa mavazi meupe kutoka utosini hadi unyayoni wakichukua vipimo juani. Siku moja muuguzi mmoja alivua barakoa kando ya barabara anywe maji. Uso wake ulikuwa na alama za kamba, na jasho lilimtiririka kama mvua. Dada akaniambia, "Mimi nitafanya kazi ile." Nikamcheka. Nikamwuliza kama amewaona wanavyotaabika. Akajibu, "Ndiyo maana."

Dada alishika neno lake. Kuingia uuguzi si lelemama. Yule anayetaka diploma ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, yaani KMTC, ambacho kilianza mwaka wa 1927 na leo kina matawi mengi, likiwamo la Busia, anatakiwa kuwa na wastani wa C katika KCSE, tena awe na C ya Biolojia na C ya Kiingereza au Kiswahili. (Wale wanaokidharau Kiswahili wasikie hapo!) Dada alizipata alama hizo na akapata nafasi katika chuo kimoja cha uuguzi. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa yaliyotokea hayakuwa makosa ya chuo. Mama alikopa karo katika chama cha akina mama wa sokoni. Siku Dada alipoondoka, Mama aliwapa madereva watano chai bila malipo. Mwenye kumjua Mama anajua hilo ni jambo kubwa.

Basi likizo ya Aprili Dada akarudi. Alikuwa amekonda. Alimsaidia Mama kusukuma chapati, akacheka palipotakiwa kuchekwa, lakini mimi niliona kitu. Usiku wa tatu niliamka nikamkuta ameketi mlangoni, simu mkononi, analia bila sauti. Nilimwuliza, "Dada, kuna nini?" Akanionyesha. Alikuwa ameanguka masomo mawili: Anatomia na Fiziolojia, ambalo ni somo la maumbile ya mwili na kazi zake, na lile la kupima dawa na dripu. Alikuwa na wiki tatu kabla ya mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wa vyuo huuita "sapu". Akianguka tena, atarudia mwaka mzima, na mwaka mzima ni karo ya mwaka mzima.

"Usimwambie Mama," akasema. "Akijua, mkopo ule utamwua."

Nilikubali. Nakiri hapa mbele yenu kwamba sikujua uzito wa siri hiyo. Kila nilipomwona Mama akihesabu sarafu za kupeleka chamani, niliona kama mimi ndiye niliyemwibia.

Kesho yake nikamwuliza Dada lililokuwa likinikereketa moyoni: alianguka vipi na ni yeye aliyenifundisha kukesha? Akacheka kicheko kikavu. Akanieleza jinsi alivyokuwa akisoma chuoni. Alisoma kurasa mara nne, mara tano, akizipiga rangi ya manjano hadi kitabu kizima kikawa manjano. Alinakili madaftari ya wenzake kwa mwandiko mzuri. Alijiunga na kikundi cha majadiliano ambacho nusu saa kilijadili mifupa na saa moja na nusu kikajadili harusi. Mtihani ulipokaribia, alikesha siku nne mfululizo kwa chai ya rangi. Alipoingia chumbani, kila swali lilikuwa kama mtu anayemfahamu kwa sura lakini amemsahau jina.

Nilinyamaza kimya. Alikuwa ananieleza mimi mwenyewe.

Akaendelea. Chumba kimoja naye chuoni alilala msichana ambaye saa nne za usiku alikuwa keshalala fofofo, na wenzake wakimwita mvivu. Huyo mvivu alipita masomo yote. Dada alipomwuliza siri yake, alimwonyesha daftari dogo. Upande mmoja kulikuwa na maswali, upande wa pili majibu. Kila jioni alijiuliza, akafunika majibu, akajibu kwa sauti, kisha akafunua. Alilokosea alilipiga alama ili alirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Basi. Hakuwa na hirizi nyingine.

Mwalimu wao mmoja alikuwa amewaeleza jambo hilo hilo darasani, lakini, kama ilivyo kawaida yetu wanafunzi, wengi walilisikia kwa sikio hili likatokea kwa lile. Aliwaeleza kuwa mwaka wa 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima alivyozisahau. Aliona kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuacha nafasi kati ya siku na siku kunasaidia kuliko kurundika kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kisha mwaka wa 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kuna waliosoma kifungu kisha wakakisoma tena, na kuna waliosoma kisha wakajaribu kuyaandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Lakini baada ya wiki moja, waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na waliojijaribu walikumbuka asilimia 56.

Mwenzangu, hebu itafakari hiyo "baada ya dakika tano". Ndipo ninapoona mtego ulipo. Unapomaliza kurudia ukurasa unajisikia unaujua, kumbe ni macho yameuzoea. Ni kama kumwona dereva akipita kila siku ukadhani nawe unajua kuendesha lori.

Tukaanza kazi. Tulikata maboksi ya unga wa chapati yakawa vikadi vidogo. Dada akaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Mimi nikateuliwa kuwa mtahini. Tatizo ni kwamba maswali yalikuwa ya Kiingereza cha kitabibu, na mimi nilikuwa nayasoma kama kasuku. Siku ya pili nikachoka. Nikamwambia, "Dada, niambie kwa Kiswahili nielewe na mimi. Damu inatoka wapi inaenda wapi?"

Alifungua kinywa akakifunga. Alijaribu tena. Hakuweza! Yeye aliyekuwa akimwaga sentensi nzima za Kiingereza bila kupumua alishindwa kunieleza mimi, ndugu yake, kazi ya moyo. Tuliangaliana. Hapo ndipo sote wawili tulipojua kwamba maneno alikuwa nayo, lakini maana hakuwa nayo.

Alikaa kimya akitazama barabarani. Malori mawili yalikuwa yakipishana. Ghafla akaruka. "Ngoja! Moyo ni Malaba!"

Akachora chini kwa kijiti. Mapafu ni Mombasa, ambako malori hupakia mzigo. Mzigo ndio oksijeni. Mwili ni Kampala, ambako mzigo hushushwa. Moyo ni Malaba, kwa kuwa lori hupita hapa mara mbili, likienda na likirudi. Upande wa kushoto wa moyo ni njia ya malori yaliyojaa yanayokwenda Kampala. Upande wa kulia ni njia ya malori matupu yanayorudi Mombasa kupakia tena. Kila upande una vyumba viwili, cha kupokea na cha kusukuma, jumla vyumba vinne. Vali ni vile vizuizi vya mpakani: lori likishapita, halirudi kinyumenyume.

"Na ateri na vena?" nikamwuliza, maana hapo ndipo mimi niliponyolewa katika mtihani. Nilikuwa nimeandika kwamba ateri zote hubeba damu yenye oksijeni.

"Usiangalie mzigo, angalia njia," akanijibu. "Barabara yoyote inayotoka Malaba ni ateri. Barabara yoyote inayoingia Malaba ni vena. Sasa barabara ya kutoka Malaba kurudi Mombasa ni nini?"

"Ateri," nikasema.

"Na malori yake?"

"Matupu!" Nikashika kichwa. Kumbe ndiyo sababu ateri ya mapafu hubeba damu isiyo na oksijeni! Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara kumi usiku wa manane nikauona kama uchawi. Nimeuelewa mchana kweupe, kwa kijiti, kwa dakika kumi.

Tangu siku hiyo tukaweka sheria: jibu lolote lazima lielezwe kwa Kiswahili cha nyumbani kwanza, kisha kwa Kiingereza cha mtihani. Jioni saa kumi na mbili hadi saa moja tulifanya mapya. Alfajiri, wakati wa kusukuma chapati, tulirudia ya jana na ya juzi. Simu ya Dada ilikaa kwenye kopo la sukari hadi kazi iishe. Na saa nne za usiku, taa ilizimwa. Mwanzoni kulala mapema kuliniletea hatia, kana kwamba nimetoroka shule. Baada ya wiki moja niliona nakumbuka zaidi kwa saa moja ya kuulizwa kuliko saa tano za kusinziria kitabu.

Jambo lililomsumbua Dada zaidi ni dripu. Swali lilikuwa hivi: mgonjwa apewe lita moja ya maji ya dripu kwa saa nane, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Je, ni matone mangapi kwa dakika? Chuoni alikariri kanuni, akaichanganya. Sasa tukaifanya kama hesabu ya dukani. Lita moja ni mililita 1,000. Kila mililita ni matone 20, kwa hiyo kuna matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawa: inakuja 41 na kitu, tunasema matone 42 kwa dakika. Alinieleza kwamba muuguzi husimama kando ya kitanda na saa yake, akayahesabu matone yale kwa macho. Yakienda mbio, mtoto mdogo au mzee mwenye moyo dhaifu huweza kujaa maji mapafuni. Yakienda pole mno, anayekaukiwa na maji kwa kuhara hapati nafuu kwa wakati.

Nikaogopa. Mimi nikikosea swali la Biolojia, kalamu nyekundu hunipiga mkwaju tu. Dada akikosea, ni mtu. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwanafunzi wa uuguzi akimaliza chuo bado anangojwa na mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kupewa leseni. Wodini hakuna mahali pa mwakenya.

Sasa nije kwenye siri yetu. Wiki ya tatu, alfajiri moja, tulikuwa kibandani kama kawaida. Mvuke wa chai ulikuwa umejaa, Mama anageuza chapati, mgongo wake kwetu. Nikashika kikadi, nikauliza kwa sauti ya chini, "Lita moja, saa nane, matone ishirini kwa mililita?"

Dada alipokuwa bado anavuta pumzi, sauti ikatoka jikoni: "Arobaini na mawili."

Tuligeuka kama tuliopigwa na umeme. Mama hakugeuka. Akachukua chapati, akaiweka kwenye sinia, akasema, "Nimewasikia wiki mbili. Mnadhani pazia lina masikio ya nani? Nilijua tangu usiku ule wa mlangoni."

Dada alianza kulia. Alijaribu kuomba radhi kuhusu karo, kuhusu mkopo. Mama akamnyamazisha kwa mkono wenye unga. Alisema maneno ambayo sitayasahau, nami nayaandika kama nilivyoyasikia: "Mimi sikupita darasa la sita. Lakini madereva wanaonidai na ninaowadai ni wengi, na daftari langu mmeliona, limechakaa. Kila jioni kabla sijalifungua, najiuliza kichwani: nani amekula, kiasi gani, amelipa? Kisha ndipo nafungua nione kama nimekosea. Ningelisoma tu kila siku, siku likipotea ningekufa njaa. Sasa acha kulia, chapati inaungua."

Kumbe utafiti wa Marekani ulikuwa ukikaangwa pale kibandani miaka yote hiyo, nasi tunapita!

Dada alirudi chuoni akafanya marudio. Alipita yote mawili: lile la dawa kwa alama 71, na Anatomia kwa alama 56. Sitasema uongo kwamba alikuwa wa kwanza. Alipita, mwaka wake ukaendelea, na mkopo wa chama haukuongezeka. Mimi nami muhula wa pili nilipata 54 katika Biolojia. Si alama za kupigiwa vigelegele, najua, lakini kutoka 31 hadi 54 ni safari. Mwalimu aliponirudishia karatasi safari hii alisema neno moja, "Endelea." Nimelihifadhi.

Hata hivyo, msomaji wangu, sitaki uondoke hapa ukidhani kila anayeanguka ni kwa sababu ya tabia mbaya ya kusoma. Nilimwuliza Dada kuhusu yule msichana wa vikadi, aliyelala saa nne. Aliniambia hayuko tena chuoni. Karo ilimshinda, akaenda nyumbani, hajarudi. Yeye ndiye aliyekuwa na tabia bora kuliko wote. Wengine huenda wodini zamu ya usiku, wakatoka asubuhi miguu imevimba, kisha wakaingia darasani. Wengine hula mara moja kwa siku. Hata hapa kwetu, shule ya kutwa, kuna mwenzetu anayetembea kutoka upande wa Adungosi, akifika jioni kuna maji ya kuteka na ng'ombe wa kukama. Tabia njema ya kusoma ni kama jembe zuri: bila jembe hulimi, lakini jembe peke yake halileti mvua. Tusimcheke aliyeanguka kabla ya kujua shamba lake likoje.

Lakini kwa vile jembe ni kitu tunachoweza kulinoa wenyewe, bila karo na bila ruhusa ya mtu, naomba niwaachie wenzangu machache niliyoyajaribu. Kwanza, ukimaliza kusoma ukurasa, funga kitabu ujiulize umesema nini. Ukishindwa, hujasoma. Pili, gawanya somo katika siku nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha usiku mmoja humwagika asubuhi. Tatu, mweleze mtu mwingine kwa lugha yenu ya nyumbani, awe mdogo wako, nyanya yako au mama wa chai. Akielewa, nawe umeelewa. Nne, kikundi cha majadiliano kisizidi watu wanne, na kila mtu aje na maswali yake. Anayekuja na habari za harusi arudi harusini. Tano, lala. Mwisho, simu iwekwe kwenye kopo la sukari.

Siku hizi wenzangu wananiuliza kama nami nitakuwa muuguzi, na wengine hucheka ati ni kazi ya wanawake. Huwaambia kuwa mgonjwa mwenye kiu haulizi jinsia ya anayempa maji. Aidha nawakumbusha kwamba mwaka wa 2022 muuguzi wa Kenya kutoka Marsabit, Anna Qabale Duba, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi kule Dubai, yenye zawadi ya dola 250,000. Sijui bado nitakuwa nani. Biolojia yangu ingali na safari ndefu, na Hisabati sitaki hata kuitaja katika jarida la Kiswahili.

Ninachojua ni hiki. Kila Jumapili jioni simu ya Mama hulia, na Dada yupo upande wa pili. Hatuulizi hali kwanza. Yeye huniuliza swali moja la Biolojia, nami humwuliza moja kutoka kwenye vikadi vilivyobaki nyumbani. Wiki iliyopita niliposita, nikisaka jibu, nilimsikia Mama nyuma ya pazia akinong'ona. Nikamwambia, "Mama, usinisaidie."

Akanyamaza. Lori likapita. Kisha nikalikumbuka.